Je, mahubiri yasamehewe na sheria za matamshi ya chuki?

Swali la msomaji: "Mimi ni mhubiri. Maandiko yetu yana maneno makali juu ya dhambi na juu ya wasioamini, na nikisikia habari za sheria za matamshi ya chuki huingiwa na wasiwasi. Je, si haki sisi tunaosema kwa ajili ya dini tuwekewe kinga? Na kama mtu akikata kipande cha mahubiri yangu akakisambaza kwa nia mbaya, nani atajibu mbele ya sheria?"

Ndugu mhubiri,

Jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Dini isipewe kinga ya jumla. Ila usiishie hapo kusoma, maana wasiwasi wako una msingi, na nadhani dawa yake iko katika namna sheria yenyewe inavyoandikwa, kabla hatujafika kwenye suala la nani asamehewe.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Kuna sheria zinazolinda hisia za waumini, na kuna sheria zinazolinda watu wasichochewe chuki. Katika aina ya kwanza, kosa ni kumuudhi mtu katika imani yake. Mfano uko katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 129, kinachokataza kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mwingine. Mhubiri mmoja wa Kiislamu alishtakiwa kwa kifungu hicho huko Morogoro baada ya kusema katika mkutano wa hadhara kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mahakama ya wilaya ikampa kifungo cha miezi 18. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003 hatia ile ikafutwa, kwa sababu nia ya kuumiza haikuthibitishwa. Mtu yule alikuwa ametamka anachokiamini.

Mimi sheria za hisia sizipendi, na kesi hiyo inaonyesha kwa nini. Mkristo akihubiri kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, amekanusha imani ya Mwislamu. Mwislamu akihubiri kwamba si Mwana wa Mungu, amekanusha imani ya Mkristo. Sheria hiyo ikitumiwa kwa haki itawafunga wote wawili. Kwa kuwa hilo haliwezekani, humwangukia yule asiye na wa kumtetea. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla namba 34 ya mwaka 2011, ilisema kwamba kukataza watu kuonyesha kutoiheshimu dini, zikiwamo sheria za kukufuru, hakupatani na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ila pale panapohusika uchochezi.

Uchochezi ndiyo aina ya pili. Ibara ya 20 ya mkataba huo wa mwaka 1966 inazitaka nchi zikataze kwa sheria utetezi wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya kidini unaofikia kiwango cha kuchochea ubaguzi, uhasama au vurugu. Angalia anayelindwa hapo ni nani. Ni mtu au kundi la watu. Mafundisho hayalindwi, na nabii au kitabu hakiwi mlalamikaji. Angalia pia kwamba chuki ya kidini imetajwa kwa jina. Yaani waumini wamo miongoni mwa wale ambao sheria hizi ziliwekwa kuwalinda, jambo ambalo wahubiri wengi husahau wanapozijadili kana kwamba zilitungwa dhidi yao. Na ibara ya 18 inasema imani iliyo moyoni haiguswi na dola kwa namna yoyote, lakini kuidhihirisha kunaweza kuwekewa mipaka ya kisheria pale inapolazimu, kwa mfano ili kulinda usalama au haki za wengine.

Sasa twende Kanada, kwa sababu huko ndiko kinga unayoiomba imeandikwa kwa wino. Kifungu cha 319 cha sheria yao ya jinai kinamtia hatiani mtu anayekuza chuki kwa makusudi dhidi ya kundi linalotambulika, nje ya mazungumzo ya faragha, na adhabu yake inaweza kufika miaka 2 jela. Kisha kinataja utetezi kadhaa. Mmojawapo ni kwamba mshtakiwa, kwa nia njema, alitoa maoni juu ya jambo la kidini, au, kwa maneno yaliyoongezwa mwaka 2004, maoni yanayotokana na imani katika maandiko ya dini. Maneno hayo yaliongezwa wakati sheria ilipopanuliwa ili iwalinde pia watu kwa sababu ya mwelekeo wao wa kijinsia. Viongozi wa dini walikuwa na hofu ileile uliyonayo.

Je, kinga hiyo imefanya kazi gani? Mwaka 1998 mchungaji mmoja wa Toronto alitiwa hatiani kwa vipeperushi na ujumbe wa simu uliowachora Waislamu kuwa watu hatari na wakatili wa kuogopwa. Alijitetea kwamba alikuwa akieleza imani yake. Mahakama ya rufaa ya Ontario ilimkatalia mwaka 2001: chuki ya makusudi ikivishwa vazi la dini haigeuki kuwa maoni ya kidini. Na ukifikiri vizuri utaona isingekuwa vinginevyo. Katika kesi ya Keegstra ya mwaka 1990, Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa majaji 4 dhidi ya 3, ilieleza kwamba chuki inayokusudiwa na kifungu kile ni hisia kali iliyopita kiasi, mbali kabisa na kutopenda au kutokubaliana. Mtu aliyekusudia kupandikiza chuki ya kiwango hicho ana nia njema ya namna gani?

Hapo ndipo ugumu wa kinga ulipo, na naomba utulie hapa kidogo. Chukua sheria ambayo kizingiti chake kiko juu, inayotaka makusudi, kundi la watu na chuki iliyopita kiasi. Katika sheria hiyo mhubiri wa kawaida hahitaji msamaha wowote kwa sababu hajafika hata mlangoni pa kosa. Atakayenufaika na msamaha ni yule aliyechochea kwelikweli. Sasa chukua sheria yenye kizingiti cha chini, inayomkamata mtu kwa kuudhi, kudhihaki au kukera. Hiyo ni sheria mbaya kwa kila mtu, na kinga ya dini itakutoa wewe tu ndani ya wavu huku mwandishi wa habari, mchekeshaji, mwanafunzi na yule asiyeamini Mungu wakibaki humo. Maneno yaleyale: ukiyasema wewe ni halali, akiyasema jirani yako asiye na dini ni jela. Sijui ungeitetea vipi tofauti hiyo mbele ya mtu mwenye akili timamu.

Halafu kuna jaji. Watu wa dini huomba kinga ili dola isiingilie mafundisho yao, na kinga ndiyo inayoileta dola ndani. Jimbo la Victoria, Australia, lilitunga sheria mwaka 2001 iliyokataza kudhalilisha watu kwa sababu ya dini yao, ikiwa na msamaha kwa jambo lililofanywa kwa busara na kwa nia njema kwa madhumuni ya kidini. Wachungaji wawili walioendesha semina juu ya Uislamu wakashtakiwa na baraza moja la Waislamu. Ili kujua kama msamaha unawahusu, baraza la usuluhishi lililosikiliza shauri lilijikuta linapima kama Wakristo hao wameieleza Qurani kwa uaminifu na kwa usawa, na mwaka 2004 likaona hapana. Hebu fikiri: chombo cha dola kinatoa maksi za tafsiri ya maandiko! Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya jimbo ikautengua uamuzi huo, ikisisitiza kwamba kuichukia dini si sawa na kuchochea watu wawachukie wafuasi wake. Mahakama ya rufaa ilipatia. Lakini kabla ya kufika huko jimbo lilikuwa limetumia miaka kadhaa kubishana kuhusu elimu ya dini mahakamani, na mlango uliolipitisha ni huohuo wa msamaha.

Tena kinga humlinda kila mmoja, hata yule ambaye mahubiri yake yanakulenga wewe. Turudi Kanada. Baada ya dua ya mhubiri mmoja wa Kiislamu iliyotolewa hadharani jijini Montreal mwezi Oktoba 2023 kuzua ghadhabu, chama cha Bloc Québécois kilipeleka muswada bungeni kutaka utetezi ule wa kidini wa kifungu cha 319 ufutwe. Waendesha mashtaka hawakumfungulia kesi aliyeomba dua. Mwaka 2025 suala hilo likaibuka tena katika mjadala wa muswada wa serikali, C-9, na maaskofu Wakatoliki wakawa miongoni mwa waliopinga kufutwa kwake. Yaani hasira ilianza kwa maneno ya Mwislamu, na waliosimama kuitetea kinga wakawamo Wakatoliki. Mimi nawaelewa maaskofu, ingawa sikubaliani nao kwamba kinga ndiyo ngao yao. Kufuta utetezi uliozoeleka bila kugusa kitu kingine huwapa polisi na waendesha mashtaka ishara kwamba mahubiri sasa yameruhusiwa kuwindwa. Mahali ambapo kinga tayari ipo, ningetaka kwanza tafsiri ya chuki iandikwe ndani ya sheria kwa maneno mazito, ndipo ifutwe.

Nimesema wasiwasi wako una msingi. Mashahidi wako ni wawili. Wa kwanza ni Åke Green, mchungaji wa Sweden aliyehubiri katika kisiwa cha Öland mwaka 2003 akiyafananisha mapenzi ya jinsia moja na uvimbe wa saratani katika mwili wa jamii. Mahakama ya wilaya ilimpa kifungo cha mwezi 1. Mahakama ya rufaa ikamwachia, na mwezi Novemba 2005 Mahakama ya Juu nayo ikamwachia, ikisema kwamba kumtia hatiani kusingeweza kusimama mbele ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Maneno yake mimi nayaona ya kuchukiza. Lakini yalisemwa kanisani, kwa waumini wake, bila kumwagiza yeyote kumdhuru yeyote, na jela haikuwa mahali pake. Shahidi wa pili ni Päivi Räsänen, mbunge na waziri wa zamani wa Finland. Uchunguzi dhidi yake ulianza mwaka 2019 kwa ajili ya chapisho lake mtandaoni lenye picha ya aya za Biblia, na ukahusisha pia kijitabu cha mwaka 2004. Mahakama ya wilaya ilimwachia mwaka 2022, mahakama ya rufaa ikamwachia mwaka 2023, na bado mwendesha mashtaka akaipeleka kesi Mahakama ya Juu. Mtu aliyeshinda mara mbili namna hiyo ameshaadhibiwa na safari yenyewe, na wahubiri wadogo wasio na wakili wanaitazama kesi hiyo na kuamua kunyamaza.

Kwa hiyo kizingiti cha juu kwenye karatasi hakitoshi. Lazima pawe na mlango wa kuitupa kesi mapema. Kanada kwa muda mrefu imedai idhini ya Mwanasheria Mkuu kabla ya shtaka la kukuza chuki. Uingereza na Wales wanadai vilevile kwa makosa yao ya chuki ya kidini. Na hao Waingereza ndio walioandika kifungu ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2006 serikali ya Tony Blair ilitaka kosa pana la kuchochea chuki ya kidini. Wachekeshaji, waandishi na makundi ya Kikristo walipinga kwa sauti moja, jambo lisilotokea mara nyingi, na serikali ikashindwa bungeni kwa kura 1, Waziri Mkuu mwenyewe akiwa ameshaondoka ukumbini. Sheria iliyopita inahusu maneno ya vitisho peke yake, tena yenye kukusudia kuchochea chuki. Kisha inasema wazi kwamba haizuii mjadala, ukosoaji, kutopenda, kejeli, matusi wala dhihaka dhidi ya dini, imani au desturi zake, wala juhudi za kuwavuta watu waiache dini yao. Mhubiri amelindwa hapo kikamilifu. Amelindwa pia anayemkejeli mhubiri. Hakuna jaji anayelazimika kuuliza kama maneno hayo ni ya dini au si ya dini, na hiyo ndiyo "hapana" niliyokupa mwanzoni.

Palipo na shaka kuhusu maneno fulani, wataalamu waliokutana Rabat, Moroko, mwaka 2012 chini ya Umoja wa Mataifa walipendekeza mambo sita ya kupima: mazingira, msemaji na nafasi yake katika jamii, nia, yaliyosemwa na namna yalivyosemwa, ukubwa wa usambaaji, na uwezekano wa madhara kutokea karibuni. Msemaji ni kipimo kinachowahusu sana watu wa mimbari. Sauti yako ina uzito kwa wanaokusikiliza, na pale mji umeshachemka, sentensi unayoisema kila mwaka bila tatizo inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha kwa ajili ya Rwanda ilionyesha tofauti hiyo mwaka 2008 katika kesi ya mwanamuziki Simon Bikindi. Nyimbo zake hazikuwa msingi wa hatia yake. Alitiwa hatiani kwa aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani mwishoni mwa Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe wakati mauaji yakiendelea, akafungwa miaka 15.

Pengine utauliza juu ya ule msemo wa wahubiri, kwamba tunaichukia dhambi wala hatumchukii mwenye dhambi. Usiutegemee sana. Katika kesi ya Whatcott ya mwaka 2013, iliyohusu sheria ya haki za binadamu ya jimbo la Saskatchewan, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali kwamba kushambulia tendo kunaweza kuwa njia ya kulishambulia kundi lenyewe, pale tendo hilo linapofungamana na utambulisho wa watu hao. Kati ya vipeperushi vinne vya mshtakiwa dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, viwili vilionekana vimevuka mpaka na viwili havikuvuka. Lakini mahakama hiyohiyo iliyafuta katika sheria ya jimbo maneno yaliyokataza kudhihaki na kudharau, kwa kuwa yalikuwa mapana mno, na ikasema kwamba kusoma au kuchapisha maandiko matakatifu kama yalivyo kungeweza kuonekana kuwa matamshi ya chuki katika mazingira yasiyo ya kawaida tu. Nadhani hapo ndipo palipokusumbua zaidi, hata kama hukupauliza moja kwa moja. Soma andiko lako. Hatari huanza baada ya kulifunga, unapolitafsiri kuwa agizo dhidi ya watu fulani wa leo: wasipewe kazi, wafukuzwe mtaani, wasiachwe kupumua.

Marekani nimeiacha makusudi kwa sababu haina sheria ya jumla ya matamshi ya chuki inayohitaji kumsamehe mtu. Tangu kesi ya Brandenburg ya mwaka 1969, dola huko haiwezi kuadhibu maneno ya uchochezi isipokuwa yamekusudia kuzua uvunjaji wa sheria wa papo hapo na yanaelekea kweli kuuzua. Ni njia moja ya kulimaliza suala lako. Kwa maoni yangu inaliacha kundi dogo peke yake muda mrefu mno kabla dola haijainuka.

Swali lako la pili ni jepesi zaidi. Nia ni ya mtu binafsi. Aliyekata kipande, akaondoa maneno yaliyotangulia na kukisambaza ili watu wapandwe na hasira dhidi ya kundi fulani, atajibu kwa tendo lake na kwa nia yake. Wewe utapimwa kwa mahubiri uliyoyatoa, kwa watu uliowatolea, siku ile. Ugumu ni kuyaonyesha hayo miezi sita baadaye wakati kinachozunguka ni sekunde 40 tu. Kwa hiyo rekodi kila mahubiri mwanzo hadi mwisho, andika tarehe na mahali, na uhifadhi. Ukiona kipande kilichokatwa kinasambaa, weka mahubiri mazima hadharani siku hiyohiyo na useme waziwazi kwamba hukuagiza mtu yeyote adhuriwe. Ukimya wako utatumiwa kama ushahidi kwamba uliridhika. Kumbuka pia kijitabu cha Räsänen: kiliandikwa mwaka 2004, kikabaki mtandaoni, na miaka 15 baadaye kikawa sehemu ya uchunguzi wa polisi. Yapitie ya zamani. Lile ambalo usingelisema leo katika mazingira ya leo, liondoe au liandikie maelezo. Na polisi wakikuita, usianze na hoja kwamba wewe ni mtumishi wa Mungu. Nenda na wakili, na rekodi nzima mkononi.